Fomu Imesainiwa. Na Ridhaa Je?

Kwenye kamati yangu ya maadili ya utafiti, niliuliza timu moja ya watafiti swali fupi: mlijuaje kwamba akina mama mliowasajili walielewa wanachoingilia? Jibu likaja pamoja na fomu zilizoskaniwa: "Wote wamesaini." Jibu hilo naletewa na wanafunzi wa uzamili, na mashirika yanayofanya tathmini vijijini Seme na Nyando, Kisumu, na siku hizi hata na mameneja wa rasilimali watu wanaotaka kupima "ari ya wafanyakazi". Nimechoka nalo. Naliandikia hapa mara moja, ili wa kesho nimtumie linki tu.

Saini inathibitisha kwamba mtu alishika kalamu. Katika utafiti wa kaswende wa Tuskegee, Alabama, ulioendelea kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende waliachwa bila tiba hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa huo, huku wakiambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Watu hukisimulia kisa hicho kana kwamba hapakuwa na karatasi hata moja. Zilikuwepo: familia zilisaini kuruhusu maiti zipasuliwe, nazo zikapewa pesa za mazishi. Henrietta Lacks naye, mgonjwa wa saratani, alisaini fomu pale hospitali ya Johns Hopkins mwaka 1951, ya kuruhusu upasuaji. Seli zake zikachukuliwa kwa utafiti bila yeye kuulizwa, na warithi wake wakafikia maelewano na Thermo Fisher, kampuni inayouza bidhaa za seli hizo, mwaka 2023. Kwa hiyo usinionyeshe fomu ukadhani umeshajibu.

Mambo ya vibali nayapita mbio. Protokali, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, inaanzia kwa kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya serikali ya Kenya inayosimamia utafiti, halafu leseni ya NACOSTI yenyewe, ambayo ni ya mwaka mmoja, halafu ofisi za kaunti. Ukianza kukusanya data kabla ya kibali, usitarajie kamati ikubariki kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Basi. Kinachonikera mimi huja baada ya vibali vyote kupatikana, pale kwenye benchi la zahanati.

Kwanza, urefu. Karatasi ya maelezo yenye kurasa kumi na mbili inamlinda mfadhili, haimlindi mshiriki. Isome kwa sauti, kwa Dholuo, mbele ya mama aliyepakata mtoto mwenye homa: ukifika ukurasa wa tatu ameshaacha kusikiliza, anangoja tu umalize aende zake. Kwa tafiti nyingi kurasa mbili zinatosha. Anza na yale ambayo yangemfanya akatae: utachukua nini mwilini au nyumbani mwake, mara ngapi, itamla muda gani, na kuna hatari gani. Jina la chuo kikuu na historia ya mradi vinaweza kungoja. Damu itaje kwa mililita, kisha kwa kijiko: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Usipotaja wewe, mtaa utakutajia, na kipimo cha mtaa huwa ni chupa. Sema pia damu inakwenda wapi, itatunzwa muda gani, na kama itapelekwa ng'ambo. Ukificha safari ya damu leo, mwakani hutapata wa kukufungulia mlango.

Pili, "Umeelewa?" Sijui swali lisilo na faida kuliko hili. Unamuuliza mtu mwenye adabu, mbele ya mgeni mwenye koti jeupe, akujibu kwamba hakuelewa? Atasema ndiyo. Mwombe akueleze kwa maneno yake. Ukirudi nyumbani utamwambia mzee nini kuhusu jambo hili? Ukikataa, matibabu ya mtoto hapa zahanati yatabadilika vipi? Ukichoka katikati ya utafiti utafanyaje? Na kama ni jaribio la dawa: nani ataamua mtoto wako apate dawa mpya au ile ya kawaida?

Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi, wasomi kwa wasiosoma. Jibu utakalosikia ni "daktari atachagua inayomfaa". Hapo simama. Mtu huyo anaamini yuko kwenye matibabu, na hayuko: dawa itapangwa kwa bahati, na pengine hata daktari mwenyewe hatajua nani amepata ipi. Rudia maelezo, uliza tena. Akijibu vilevile baada ya mara ya tatu, mshukuru, mpe huduma yake ya kawaida, na usimsajili. Vitabu huishia hapo kana kwamba mambo yamenyooka. Mimi nina wasiwasi. Ukiwaacha nje wote wasiolipata swali hilo, utabaki na washiriki waliosoma zaidi, wanaoishi karibu na lami, halafu matokeo yao uyatumie kwa wale uliowaacha. Sijaona kamati iliyolitatua hili vizuri, yangu ikiwemo.

Tatu, malipo ya wakusanyaji data. Ukimlipa mtu kwa kila fomu, au ukimwekea shabaha ya washiriki kumi na watano kwa siku, umenunua saini, usishangae ukiletewa saini. Mlipe kwa siku. Kisha kagua saa. Kila fomu iandikwe saa mazungumzo yalipoanza na yalipokwisha, na ulinganishe na saa ya sampuli ya kwanza na ile inayojirekodi kwenye tableti. Karatasi ya kurasa mbili iliyosomwa, ikaulizwa na kujibiwa kwa dakika nne haikusomwa. Angalia tarehe pia. Mshiriki anayejua kuandika aandike tarehe kwa mkono wake. Ukikuta fomu thelathini zenye tarehe kwa mwandiko mmoja, una swali la kumuuliza msimamizi wako wa nyanjani kabla sijakuuliza mimi.

Na dole gumba! Asiyejua kusoma anahitaji shahidi asiyefungamana na utafiti, aliyekaa na kusikia mazungumzo yote tangu neno la kwanza, naye asaini na kuandika tarehe. Ninachokiona ni dereva wa mradi kuitwa mwishoni, ananawa mikono, anasaini, anarudi garini. Huyo ni shahidi wa wino.

Sasa tuje kwenye hiari, ambako wakubwa wa kampuni huanza kunikasirikia.

Ruhusa ya chifu ni ruhusa ya kuingia katika lokesheni yake. Baraza likipiga makofi, watu wamekukaribisha, hakuna aliyekubali kutolewa damu. Kila mtu bado ana haki ya kukukatalia mlangoni kwake, na mzee wa kijiji hapaswi kusimama nyuma yako mtu anapoamua. Hilo ni rahisi. La mke na mume ni gumu zaidi. Mama mtu mzima anatosha kujiamulia, hakuna kanuni inayodai saini ya mumewe. Lakini akisema "ngoja niongee na mzee", mpe karatasi aende nayo, urudi kesho kutwa. Je, hapo nimeheshimu uamuzi wake, au nimemkabidhi kwa mtu mwingine amwamulie? Hutegemea nyumba, na karatasi haiwezi kuona ndani ya nyumba.

Mwajiri ni habari nyingine. Tamko la Helsinki, mwongozo wa dunia wa maadili ya utafiti wa kitabibu, la 1964 na lililofanyiwa marekebisho mara kadhaa hadi 2024, linataka hivi: mgonjwa akiwa anamtegemea daktari, ridhaa yake ichukuliwe na mtu mwingine mwenye ujuzi, aliye nje ya uhusiano huo. Weka meneja mahali pa daktari uone. Shamba la maua Naivasha linatoa dodoso la "hiari", linagawiwa na supavaiza, linakusanywa na supavaiza, na supavaiza huyohuyo ndiye anayepanga zamu. Hiari iko wapi? Mfanyakazi wa kibarua hatakataa, na hatasema ukweli. Kwa hiyo bosi anavunja maadili na bado anapata data mbovu, hasara mara mbili. Mwite mtu wa nje agawe na kukusanya. Wewe usijue nani alijibu na nani alikataa, hata kwa hesabu ya idara ndogo.

Halafu kuna ile "hatukuandika majina". Bosi, uliandika idara, jinsia, umri na miaka ya kazi. Kama chumba cha baridi kina watu sita na mwanamke aliyepita miaka hamsini ni mmoja, umeandika jina lake, umelitaja kwa njia ndefu tu. Unganisha idara ndogo, panua makundi ya umri, na usitoe matokeo ya kundi lenye watu chini ya watano. Mimi hupendelea kumi. Swali la kabila lifute, isipokuwa utafiti wenyewe unahusu hilo.

Tena wengi hawajui Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu nini kuwa data nyeti. Hali ya afya, kila mtu anaijua. Lakini humo mna pia maelezo ya mali, hali ya ndoa, na majina ya watoto, wazazi na wenzi. Yaani dodoso la kawaida la kaya, lile la "una ng'ombe wangapi na paa lako ni la nini", limejaa data nyeti kuanzia ukurasa wa kwanza. Na sheria hiyohiyo inamtwika anayekusanya mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, na inampa mtu haki ya kuiondoa wakati wowote.

Pesa. Nauli rudisha yote, pamoja na boda boda ya kutoka ndani hadi stendi, kwa sababu mtu asilipie utafiti wako. Siku ya kazi aliyoipoteza ifidie kwa kiwango cha kibarua cha eneo hilo. Ukizidi hapo tunaanza kubishana. Kesi ya Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, inasaidia: mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kuchunguzwa mboni za macho kwa tokeni za takriban shilingi 7,000, serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwezi wa Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaagiza data hizo za kibayometriki zifutwe, ikiona kwamba ridhaa ilipatikana kwa kushawishi watu. Sawa. Ila mstari uko wapi hasa, shilingi 500, 1,000 au 3,000? Hakuna anayejua, na kamati mbili za mji mmoja zinaweza kujibu tofauti. Ninachoshuku ni kwamba tunaogopa sana kulipa kupita kiasi kuliko kulipa kidogo mno, labda kwa kuwa kulipa kidogo ni rahisi kwa bajeti.

Nisije nikaonekana naabudu mazungumzo marefu, kuna mfano wa karibu unaonisumbua. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipozinduliwa Homa Bay Septemba 2019, maeneo yalipangwa kwa bahati, mengine yaanze na mengine yangoje, na mzazi hakusainishwa fomu ya utafiti: kumleta mtoto kliniki kulihesabiwa kuwa kukubali, kama kwa chanjo nyingine. Mwaka 2020 jarida la BMJ lilichapisha lawama kali za wataalamu wa maadili. Shirika la Afya Duniani likajibu kwamba ule ulikuwa utoaji wa majaribio wa chanjo, ndani ya huduma ya kawaida. Mwaka 2021 shirika hilo likapendekeza chanjo itumike kwa upana. Mafanikio hayo hayajibu kama wazazi walielezwa vya kutosha, na ukinibana niseme upande wangu, leo nitaegemea kwa walalamikaji, kesho nitayumba.

La mwisho, kujiondoa. Fomu zote huahidi kwamba mshiriki anaweza kuacha wakati wowote, na karibu zote hazisemi nini kitatokea kwa data yake. Ukishaondoa vitambulisho na kuchanganya, huwezi kuitoa tena; mwambie hivyo mapema, na umpe tarehe ya mwisho. Mpe nakala ya fomu abaki nayo, isiyo na kichwa cha "VVU" juu kama anaishi na watu. Kisha pigia ile nambari ya simu iliyo chini, kabla ya kuniletea protokali. Mara nyingi ni ya mtafiti aliyesharudi kwao Ulaya, au laini iliyozimwa mradi ulipokwisha. Na ya kamati iwe ya ofisi, si ya katibu mwenyewe. Makatibu hustaafu.