Fungueni madirisha, farasi anataka hewa

Wiki hii nimeitwa tena Karen, hapa Nairobi, na tena ni kilekile. Farasi jike anakohoa, mwenyewe hana usingizi, na nikifika bandani nakuta dirisha limezibwa kwa nailoni, uwazi wa juu ya mlango umejazwa magunia, farasi kavalishwa ragi mbili, yaani blanketi za farasi, na ni saa nne asubuhi jua limeshawaka. Naingiza mkono chini ya ragi, manyoya yameloa jasho. Naambiwa, "Mzee, si ni baridi ya Julai, tulimwonea huruma." Na saisi, mtunza farasi wake, keshakaripiwa kwamba ndiye aliyeacha dirisha wazi! Tangu nilipokuwa kijana nasukuma toroli la samadi karibu na uwanja wa mbio wa Ngong mpaka leo, hakuna imani iliyonichosha kama hii ya kwamba banda lizibwe ili farasi asipate baridi.

Baridi ya Nairobi haimsumbui farasi mzima. Usiku wa Julai unashuka mpaka nyuzi 10 hivi, na farasi aliyezoea, aliyeshiba, hata nyuzi 5 anazimudu vizuri tu. Jiko lake liko tumboni. Nyasi ikifika kwenye utumbo mpana inachachuka, na huko kuchachuka ndiko kunakompa joto usiku kucha, kwa hiyo ukimwonea huruma mwongezee nyasi. Wa kilo 450 anataka kilo 7 mpaka 9 za nyasi kavu kwa siku, ile nyasi ya boma rhodes ikiwa nzuri inatosha. Ragi mwekee aliyenyolewa, mgonjwa, au mzee aliyekonda.

Sasa ukiziba banda umefungia nini humo ndani? Mkojo. Mkojo uliolala kwenye maranda aliyotandikiwa unatoa amonia, ile gesi kali ya mkojo, na wewe umesimama na pua yako iko juu huko unaniambia banda halinuki. Chuchumaa. Nenda saa kumi na moja alfajiri kabla hakujafagiliwa, shusha uso mpaka pale anapolaza kichwa, macho yakikuwasha ujue yeye amevuta hiyo tangu jana jioni. Ongeza vumbi la maranda, ongeza na ukungu wa ile nyasi iliyonyeshewa ikafungwa robota ikiwa bado mbichi, ndio kikohozi chenyewe hicho. Na farasi hapumui kwa mdomo kama mbwa, ana pua tu, hana njia nyingine.

Watu wanachanganya hewa na upepo. Upepo wa kumpiga ubavuni usiku kucha mimi pia siutaki. Ninachotaka ni hewa iingie juu ya mgongo wake na ile yenye joto na uchafu itokee karibu na paa, basi acha nafasi pale ukuta unapokutana na mabati, na dirisha liwe upande usiopigwa na mvua. Banda la futi 12 kwa 12 lenye nafasi hiyo ni bora kuliko jumba la mawe lililozibwa.

Penye utata ni msimu wa mvua. Masika na wiki zinazofuata usubi wanazaana kwenye matope, na wao ndio wanaoleta ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, sehemu ya juu ya macho inavimba, povu linatoka puani, na mara nyingi huyo hufiki naye kesho. Wanauma kuanzia magharibi mpaka alfajiri, kwa hiyo tunachanja kila mwaka na tunawaingiza farasi kabla jua halijazama. Lakini wavu wa kawaida wa mbu usubi wanapenya, na ukiweka wavu mwembamba zaidi hewa nayo inapungua. Nifunge au nifungue? Naweka wavu mwembamba, naweka na feni kwa sababu usubi si warukaji hodari, natoa maranda yaliyoloa mkojo mara mbili kwa siku, na bado kila Aprili nalala roho ikiwa juu. Sijawahi kuridhika na jibu langu.

Mengine mnayajua. Kwato zichokolewe kila siku, fundi wa kwato kila wiki 6 mpaka 8, kupe watafutwe masikioni na chini ya mkia, maji yawepo saa zote maana Februari anamaliza lita 40 na zaidi. Chakula cha gunia usikibadilishe kwa siku moja, farasi hawezi kutapika, kikimkataa kinabaki humo humo na tumbo linamsokota.

Yule wa Karen daktari ameshamwona. Ragi zote mbili tumemvua, nyasi yake sasa inaloweshwa na anakula kichwa kikiwa chini, maranda yote yametolewa, sakafu imeoshwa ikaachwa ikauke. Saisi wake ndiye aliyeichana ile nailoni dirishani, mwenyewe akiwa anatazama. Jumamosi narudi kumsikiliza kifua. Magunia nimeondoka nayo kwenye gari.