Vijana wa LGBTQ katika malezi ya kambo Los Angeles: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Kaunti ya Los Angeles ina mojawapo ya mifumo mikubwa kabisa ya malezi ya kambo nchini Marekani. Watoto hutolewa kwao kwa amri ya mahakama, wengi kwa sababu ya kutelekezwa au kuteswa, wakawekwa kwa ndugu, kwa walezi wa kambo au kwenye makao. Miongoni mwao wamo vijana wa LGBTQ, yaani wanaovutiwa na watu wa jinsia yao au jinsia zote mbili, wasiojiona kuwa wa jinsia waliyopewa walipozaliwa, au ambao bado wanajitafuta; na mengi yanayosemwa juu yao hayana msingi.

Husemwa kwanza kwamba ni wachache mno kustahili huduma maalumu kwa ajili yao. Mwaka 2014 watafiti wa Williams Institute, iliyo chini ya chuo kikuu cha UCLA, walitoa matokeo ya mahojiano ya simu na vijana 786 wa miaka 12 hadi 21 walio katika malezi ya kaunti hiyo. Asilimia 19, karibu mmoja kati ya kila watano, walijitambulisha kuwa LGBTQ. Wengi wao ni Walatino na weusi. Kwa hiyo sisi Waafrika tulioko huku tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya watoto wa Kizungu.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba huduma hizi zipo ili kumtenga kijana na familia, au kumfundisha kuwa vile alivyo. Kinachomtenga ni kukosa mtu wa kumpokea. Utafiti huohuo ulikuta takriban robo ya vijana hawa wakiishi kwenye makao ya pamoja, huku kwa wenzao wasio LGBTQ ikiwa mmoja kati ya kumi. Walihamishwa-hamishwa zaidi, na waliosema mfumo umewatendea vibaya walikuwa mara mbili ya wenzao. Ndiyo maana mpango wa RISE, ulioanzishwa na Los Angeles LGBT Center kwa fedha za serikali kuu, ulielekeza nguvu kwa watu wazima: kuwafunza wafanyakazi wa ustawi wa jamii na walezi, na kukaa na ndugu wa kijana mpaka apatikane wa kudumu naye. Mtoto hakuwa na somo la kufundishwa hapo.

Je, mlezi mwenye dini hafai? Si kweli. Caitlin Ryan wa Family Acceptance Project, mradi wa San Francisco unaosaidia familia kuwapokea watoto wao wa LGBTQ, amefanya kazi na familia za waumini kwa miaka mingi; mwaka 2012 mradi wake ulitoa kijitabu maalumu kwa familia za Wamormoni. Hamwambii mzazi aache imani yake. Anamwonyesha matokeo ya matendo yake: katika utafiti wake wa 2009, vijana waliokataliwa vikali na familia zao walikuwa na uwezekano wa kujaribu kujiua zaidi ya mara nane kuliko waliokataliwa kidogo au ambao hawakukataliwa. Kumpiga, kumtukana, kumfungia mlango rafiki yake, yote hayo mzazi anaweza kuyaacha leo na bado akaenda ibadani.

Wengine hufikiri kijana akionewa hana pa kusemea. Tangu 2004 sheria ya California inakataza ubaguzi wa aina hii katika malezi ya kambo. Kijana ana wakili wake mahakamani, na jimbo lina ofisi huru ya kupokea malalamiko ya watoto walio chini ya uangalizi wake.

Na kwamba akifika miaka 18 ndiyo basi? Tangu 2012 California inamruhusu kubaki hadi 21, akiwa masomoni, kwenye mafunzo au kazini, au akiwa na ugonjwa unaomzuia. Aliyekuwa katika malezi alipotimiza 18 huendelea na Medi-Cal, bima ya afya ya serikali ya California, hadi miaka 26, bila kuangaliwa kipato chake.