Mama aliyefia sandukuni

Dakika chache tu baada ya filamu ya Clash of the Titans kuanza, mvuvi mmoja anaopoa sanduku linaloelea baharini, analifungua, na ndani yake anamkuta mtoto mchanga aliye hai kando ya mama aliyekwisha kufa. Watazamaji wengi huipita picha hiyo haraka kwa sababu wanayasubiri mapanga na madubwana. Mimi nilikwama hapo. Yote yaliyonivunja moyo katika muda wa saa moja na nusu uliofuata yalianzia kwenye maiti ile, na ningependa kueleza kwa nini.

Nimefundisha fasihi simulizi hapa Tanga kwa miaka 18. Filamu hii, iliyoongozwa na Louis Leterrier na kutolewa mwaka 2010, niliiona mara ya kwanza katika kibanda cha video kule Ngamiani, ikiwa imeshatiwa maneno ya Kiswahili na mmoja wa wale watafsiri wanaosimulia juu ya sauti ya picha. Mwezi uliopita nimeirudia mara mbili nyumbani, daftari likiwa mkononi, kwa kuwa wanafunzi wangu kadhaa walinipa kisa chake kama mfano wa ngano ya Wagiriki, nami nikaona si haki kuwasahihisha kwa kumbukumbu za zamani. Sikuketi kutafuta makosa. Ngano ya Perseus ni miongoni mwa zile nilizozipenda kabla sijajua kwamba kuna watu wanaolipwa kuzichambua.

Wagiriki walisimulia hivi. Acrisius, mfalme wa Argos, alitabiriwa kwamba atauawa na mjukuu wake, basi akamfungia binti yake Danae asionane na mwanamume yeyote. Zeus, mkuu wa miungu yao, akamjia Danae kwa umbo la mvua ya dhahabu, naye akamzaa Perseus. Mfalme alipogundua, aliwatia mama na mwana katika sanduku akawatosa baharini. Mshairi Simonides wa Keos, aliyeishi katika karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo, ametuachia kipande cha shairi kinachotuingiza ndani ya sanduku hilo lenye misumari ya shaba. Upepo unavuma, bahari imechafuka, mashavu ya Danae yamelowa machozi, na mtoto amelala fofofo ndani ya nguo ya zambarau, hana habari na maji yanayopita juu ya nywele zake. Mama anamwambia mwanawe alale, kisha anaiambia bahari nayo ilale, kisha analiambia balaa lao lisilo na kipimo nalo lilale. Aliyekua akisikia nyimbo za kubembeleza watoto atautambua mpangilio huo mara moja: mama anaanza na mtoto, halafu anakwenda akiutuliza ulimwengu mzima mmoja mmoja, kwa sauti ileile, kana kwamba bahari nayo ni mwanawe mwingine anayesumbua usiku.

Sanduku likafika kisiwa cha Seriphos, likanaswa na mvuvi aitwaye Dictys, jina linalotokana na neno la Kigiriki la wavu wa kuvulia. Dictys akawatunza. Tatizo likaja kutoka kwa nduguye, mfalme Polydectes, aliyemtamani Danae lakini akashindwa kumpata kwa sababu Perseus alikuwa amekwisha kuwa kijana wa kumlinda mama yake. Hapo Polydectes akatumia hila ambayo mtu wa Tanga haihitaji kufafanuliwa: alitangaza kwamba anachangisha kwa ajili ya harusi yake na mwanamke mwingine, akawaita vijana wa kisiwani kila mmoja atoe mchango. Wengine walitoa farasi. Perseus, mtoto aliyelelewa nyumbani kwa mvuvi, hakuwa na farasi, na kwa ile hamaki ya kijana anayeona haya mbele ya wenzake akasema kwamba yeye hata akitakiwa kichwa cha Gorgon, dubwana la kike ambalo mtu akilitazama machoni hugeuka jiwe, hatakataa. Mfalme akaidaka kauli hiyo, akamwambia basi kalete. Tumewaona watu wazima kwenye vikao vya harusi wakitamka ahadi zinazozidi mifuko yao kwa sababu daftari la michango linapita mbele ya macho ya jirani. Safari nzima ya kwenda kwa Medusa, ndiye Gorgon huyo, imetoka katika kikao cha namna hiyo, na nyuma yake kuna mama anayetakiwa abaki bila mlinzi.

Filamu imeyafuta yote hayo. Danae anakufa sandukuni, hakuna Polydectes, hakuna mchango, hakuna ahadi. Perseus analelewa na mvuvi na mkewe, kisha nao wanakufa wote wawili pamoja na binti yao pale Hades, mungu wa kuzimu, anapowashambulia askari wa Argos na jahazi la wavuvi kuangamia katika shambulio hilo. Kwa hiyo katika sehemu ya mwanzo tu kijana huyu amefiwa na mama aliyemzaa na mama aliyemlea, na kinachobaki kumsukuma ni kisasi. Nakumbuka pale Ngamiani kijana mmoja aliyekaa karibu yangu aliuliza kwa sauti, "Sasa huyu anakwenda kupigania nini?" Mtafsiri alikuwa ameliona pengo hilo kabla yetu, kwa maana kila Perseus alipopanda farasi au kuchomoa upanga, yeye aliongeza maneno ambayo hayamo kabisa katika filamu: kwamba anakwenda kwa ajili ya mama yake. Kwa masikio ya msimulizi aliyezoea hadithi zetu, kisa kilikuwa kimepoteza mhimili, naye akaurudisha kwa mdomo wake mwenyewe.

Mhimili huo tunaujua vizuri. Katika hadithi ya Nunda mla watu, ambayo Edward Steere aliipata Unguja na kuichapisha London mwaka 1870, mtoto wa mwisho wa sultani anatoka kwenda kumsaka dubwana lililowamaliza watu, na kila anapoua mnyama anamburuta hadi nyumbani, anamwimbia mama yake kwamba amemwua Nunda, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba mwanangu, huyo siye. Anarudi porini. Anarudi tena na mnyama mkubwa zaidi, na jibu ni lilelile. Mama ndiye mizani ya hadithi ile. Ndiye anayejua ukubwa halisi wa kinachotafutwa, na ndiye anayemzuia kijana asijitangaze shujaa kabla ya wakati. Shujaa asiye na mtu wa kumrudia nyumbani anaweza kuua chochote, na msikilizaji akabaki amekunja mikono.

Nisieleweke kwamba napinga kubadilishwa kwa ngano. Mtu wa fasihi simulizi hawezi kusema hivyo, kwani ngano huishi kwa kubadilishwa, na Wagiriki na Warumi wenyewe hawakukubaliana: kwa mshairi Mgiriki Hesiod, Medusa ni mmoja wa dada watatu waliozaliwa Gorgon, ilhali kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, alikuwa msichana mzuri aliyegeuzwa nywele zake kuwa nyoka na mungu wa kike. Filamu ya kwanza yenye jina hilihili, ya mwaka 1981, ambayo madubwana yake yalitengenezwa na Ray Harryhausen na kuchezeshwa hatua kwa hatua kwa mkono, nayo ilijichukulia uhuru mkubwa; ndiyo iliyomwita dubwana la baharini Kraken, jina la ngano za Norway na jirani zake, wakati Wagiriki walisema ketos tu, neno lililowapa wanasayansi jina la jamii ya nyangumi. Hayo hayanisumbui. Msimulizi ana ruhusa ya kubadili nguo, majina, wanyama, hata mwisho. Asichoweza kukigusa bila kulipa gharama ni kile kinachofanya jambo la pili litokane na la kwanza.

Chukua zana za Perseus. Katika ngano, hana kitu, anaazima. Anapewa viatu vyenye mabawa, mfuko wa kutilia kichwa, na kofia ya Hades inayomfanya asionekane. Mungu Hermes anampa mundu, mungu wa kike Athena anamwongoza mkono akitazama katika ngao ya shaba ili asikutane na macho ya Medusa. Kazi ikiisha, anarudisha kila kitu kwa wenyewe, na kichwa anamkabidhi Athena. Sisi tunasema kukopa harusi, kulipa matanga, na kijana huyu analipa bila kununa. Perseus wa filamu anakataa upanga wa miungu akisema atapigana kama binadamu, na anaendelea kukataa mpaka hatari inapomlazimisha. Watengenezaji walidhani kwamba ukaidi unamfanya awe mkubwa zaidi. Kwangu ulimpunguza, kwa sababu heshima ya yule wa zamani ilikuwa katika kujua kuomba, kupokea na kurejesha.

Kofia ile ya Hades inanipeleka kwenye kosa jingine. Filamu imemfanya Hades kuwa adui mwenye sura na hila za shetani, aliyelaghaiwa na Zeus akasukumiwa kuzimu na sasa anatafuta kulipiza. Mshairi wao wa kale, Homer, anasema waziwazi kwamba ndugu watatu walipiga kura, Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, Hades nchi ya wafu. Hades wa Wagiriki ni mkali na hapendwi, lakini si mwovu. Anatunza fungu lake. Ni ajabu kwamba mwenye kofia iliyomwokoa shujaa ndiye aliyegeuzwa kuwa anayemwinda.

Kuhusu Io, nitasema kama mtu wa Pwani anayejua uzito wa nasaba. Filamu imemweka awe mwandani wa Perseus na hatimaye mpenzi wake. Katika ngano, Io ndiye mwanamke aliyegeuzwa ng'ombe na kutangatanga hadi Misri, akamzaa Epaphus. Epaphus akamzaa Libya, Libya akamzaa Belus, Belus akamzaa Danaus, na kizazi kikateremka kupitia Hypermnestra, Abas na Acrisius hadi Danae na mwanawe. Io ni bibi wa mabibi wa Perseus. Wagiriki waliokariri orodha hiyo wangeshtuka kama tunavyoweza kushtuka sisi.

Anayestahili kuwa mke wake, Andromeda, amenyang'anywa kwao. Wagiriki walimwita binti wa Cepheus na Cassiopeia, mfalme na malkia wa Ethiopia, jina walilolitumia kwa nchi za watu weusi, na Ovid anaandika kwamba Andromeda alimpendeza Perseus akiwa na weusi wa nchi yake. Filamu imemhamishia Argos, ikampa mwigizaji mweupe, na mwishoni Perseus anamwacha. Wanafunzi wangu wa kike walinyamaza nilipowasomea mstari huo wa Ovid. Mmoja akaniuliza kwa nini hakuna aliyewahi kuwaambia, nami sikuwa na jibu la kumridhisha.

Kisha wakaja majini. Ndiyo, katika filamu ya Wagiriki kuna majini wa jangwani wenye ngozi kama gogo lililoungua, wanaofuga nge wakubwa na kuwapanda, na mkubwa wao anamponya Perseus jeraha. Nilipowaona mara ya kwanza nilisogea mbele kwenye benchi, kwa maana hapa Tanga jini si pambo. Jini ana jina, ana kabila, ni wa bara au wa baharini, na mtu akipandisha, fundi huuliza kwanza jina, halafu anachotaka: ubani, marashi, nguo ya rangi fulani. Kuna mazungumzo, kuna makubaliano. Majini wa filamu hawaulizwi chochote wala hawataki chochote. Wanatokea, wanasaidia, basi. Nilisikitika kuliko kama wasingekuwamo.

Kuna vitu viwili vizuri. Wachawi wenye kuchangia jicho moja wanatisha ipasavyo, na mapigano ndani ya maskani ya Medusa yana kiza na ukimya unaomfanya mtu akaze meno. Sehemu zote hizo mbili zimekaa karibu na ngano yenyewe.

Desemba iliyopita nilimchukua mpwa wangu wa miaka tisa, ambaye naye ameiona filamu, tukakaa ufukweni Raskazone saa nne usiku tukitazama kaskazini, ng'ambo ya ghuba. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, ilikuwa juu, upande wa kulia. Chini yake kidogo nilimwonyesha nyota ambayo Waarabu waliiita ra's al-ghul, kichwa cha zimwi, jina ambalo wapenzi wa tenzi zetu wanalijua kwa Rasi l-Ghuli. Nyota hiyo ni kichwa cha Medusa mkononi mwa Perseus, kwani yeye na jamaa zake wamepewa makundi ya nyota yenye majina yao, na kila baada ya siku mbili na saa 21 hivi hufifia kwa saa kadhaa kisha hurudi, kwa kuwa ni nyota mbili na moja hupita mbele ya mwenzake. Upande wa kushoto, Andromeda. Chini zaidi, Cassiopeia, mama yake, karibu na upeo wa maji.

Mpwa wangu alizihesabu kwa kidole, akarudia kwa Perseus, akauliza, "Mjomba, na mama yake huyu yuko wapi? Si alikufa kwenye sanduku?"

Nikamwambia hakufa. Yuko Seriphos, amekimbilia madhabahuni pamoja na yule mvuvi kwa kumwogopa mfalme, na mwanawe yuko njiani anarudi.