Taarab ya mtu mmoja

Wa kwanza kuniuliza wenzangu wako wapi alikuwa mchukuzi wa bandari ya Mkoani. Nimeshuka kwenye boti, udi wangu, ala ya nyuzi ninayoipiga, mgongoni, begi la nguo mkono huu, mfuko wa waya na maikrofoni mkono wa pili, naye anaangalia nyuma yangu akiwatafuta waliobaki: wa fidla, wa ganuni ile ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, wa ngoma ya dumbak, kile kishindo cha watu kumi na tano na masanduku yao kila tulipokuja Pemba na kikundi. Nikamwambia niko peke yangu.

"Taarab ya mtu mmoja?" Alicheka mpaka akatua chini ndoo ya watu.

Kicheko kile kilinikaa, maana aliuliza la maana. Huu mwezi wa kumi tangu nitoke kwenye kikundi nilichokipigia udi miaka tisa. Sikugombana na mtu. Hesabu tu ilikuwa haikubali: hoteli zinataka mtu mmoja au watatu wa kukaa pembeni, na ujira wa harusi ukiugawa kwa watu kumi na tano, nauli ndiyo inayobaki. Wengi mnaniuliza habari za njiani, nalala wapi, naubebaje udi, nalipwa vipi. Nitayafikia. Lakini njia si shida kubwa. Shida ni kwamba taarab ni kujibizana, na mimi nimeondoka na upande mmoja wa mazungumzo.

Asiyewahi kukaa ndani ya kikundi huenda hili halijamgusa. Msikilize mwimbaji: anaimba mshororo, ananyamaza, fidla zinamjibu. Anaimba wa pili, ganuni inadakia. Ubeti ukiisha, waitikiaji wanapokea. Mpiga udi humo kazi yake ni kushona. Husikiki sana, ila ukiacha kidogo watu wanageuza shingo. Miaka tisa nimekuwa uzi wa kushonea, leo naambiwa niwe kanzu nzima.

Na tumezoea kuamini kwamba bila jukwaa kujaa si taarab. Ni kweli mambo yalianzia ikulu: Sultani wetu Sayyid Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni, na kikundi cha Ikhwani Safaa kikaundwa 1905. Lakini zile safu za fidla tunazoziona ndiyo asili zilikuja baadaye, kwa kuzifuata okestra za Cairo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurekodi santuri alikuwa na wapigaji wachache wa kuenea mkeka mmoja. Na kidumbak je? Fidla, sanduku la besi, vidumbak viwili, cherewa za kutikisa na vijiti vya mkwasa, harusi ya shamba inakesha. Kwa hiyo uchache tunaujua. Mtu mmoja ndiyo hadithi nyengine.

Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa hotelini, upande wa Nungwi. Nilipangiwa nipige kwa muda wa saa moja na nusu. Nyimbo zote nilizoziandaa zilikwisha kwa dakika arubaini. Nilipokuwa nikifanya mazoezi nyumbani sikugundua kwamba majibu yote ya fidla nimeyaruka, na wimbo usio na majibu unasinyaa kama nguo ya pamba iliyofuliwa kwa maji moto. Halafu woga nao ukanipeleka mbio. Mlinzi wa pale, mzee wa makamo, alinifuata nilipokwenda kunywa maji. "Binti yangu, mbona unakimbia? Boti yako si kesho?"

Nilikaa nalo hilo wiki nzima. Udi wangu una nyuzi kumi na moja: jozi tano na besi moja iliyo pekee. Natia sauti za Do, Fa, La, Re, Sol, Do, kutoka besi kwenda juu. Kwenye kikundi ule uzi wa besi nilikuwa karibu siugusi, kwani chini kule kuna wenyewe. Sasa ndiyo dumbak yangu: naugonga pale dum, pigo zito la ngoma, inapotakiwa kuanguka, na tak, pigo jepesi, naiacha kwa risha ya kupigia nyuzi, kavu, kwenye uzi niliouziba kwa kidole. Sauti ya mwimbaji naipiga juu, kwenye Sol na Do. Jibu nalishusha chini kwenye La na Fa, pole, kama mtu anayeitikia kutoka chumba cha pili. Sikio la msikilizaji linakubali kwamba wako wawili. Sielewi kwa nini linakubali upesi hivyo, lakini linakubali.

Na si kila mshororo unajibiwa. Miwili naijibu, wa tatu nauacha mtupu, naweka kiganja juu ya nyuzi na nanyamaza. Mwanzo kimya kile kilinitisha, nikiona kama watu watadhani nimesahau. Nimejifunza kuhesabu moyoni mpaka nne kabla ya kuinua mkono. Nikihesabu mpaka tatu, nimeogopa.

Faida moja sikuitegemea hata kidogo. Kwenye kikundi kuna akodiani, na akodiani la kawaida ni kama piano: lina Mi na lina Mi bemoli iliyo chini yake kidogo, cha katikati halina. Rasti, moja ya ngazi za sauti za Kiarabu tunazopigia, inataka Mi iliyokaa baina ya hizo mbili. Udi hauna vizuizi shingoni, kidole unakiweka popote, lakini ukiipiga Mi ya katikati na akodiani likapiga yake, mnasikika kama mashemeji wanaovutana mlangoni. Kwa hiyo unalifuata akodiani, na mwaka baada ya mwaka kidole kinasahau. Wiki ya pili baada ya kutoka nilikuwa nacheza Rasti ukumbini kwetu Kikwajuni, mama anachagua mchele, kidole kikateleza pahala pake. Akainua kichwa. "Hiyo ndo alokuwa akipiga babu yako." Babu sikumdiriki. Udi wake uliuzwa kabla sijazaliwa.

Ubaya wa kuwa peke yako ni kwamba hakuna wa kukukunjia uso. Kikundini ukikosea, mtu wa fidla anakutazama tu, umeshajua. Nimemuomba mzee mmoja wa fidla, amestaafu, namtumia sauti kwa WhatsApp kila ninapotoka kazini. Majibu yake mafupi. "Mwanangu, Mi yako leo imeamka vibaya." Siku nyengine hajibu kabisa, na hapo ndipo ninapojua ilikuwa mbaya kweli.

Harusi moja ya Wete imenifundisha kuliko mazoezi yote. Ukumbi wa wanawake, joto, watoto wanakimbizana, nimefika ubeti wa pili umeme ukazimika. Spika kimya, feni kimya. Udi mtupu mbele ya wanawake wasiopungua mia mbili hausikiki hata mkeka wa tatu. Nilitaka kuacha, ila bibi mmoja aliyekaa mbele, meno mawili tu, akaendelea na kipokeo kana kwamba hakuna kilichotokea. Mkeka wake ukamfuata, kisha ukumbi mzima, makofi juu. Mie nilibaki na besi tu, dum, dum, na kila walipomaliza kipokeo nilitia mshororo nao wakaupokea. Umeme uliporudi walizomea. Tangu siku hiyo, nyimbo zangu za harusi nazichagua kwa kipokeo kwanza: kiwe kifupi, kiwe kinajulikana na kila mtu, na nikitie kwenye sauti ambayo mtu mzima hatokwi na mishipa akiimba.

Siku hiyo hiyo nikapata msiba wa tuzo. Mwimbaji wa kikundi anatuzwa mkononi, anatupia sandukuni, anaendelea. Mie mikono yote miwili ina kazi. Yule bibi wa meno mawili akaja anacheza, akaikunja noti ya elfu mbili, akaniangalia huku na huku, pa kuitia hakupaona, akaipachika chini ya nyuzi, karibu na pale zilipofungwa. Udi ukafa papo hapo, ukawa unalia kama unagonga boksi la biskuti. Na kwa kuwa yeye ni mkubwa wa ukumbi, wote waliofuata wakapachika hapo hapo. Siwezi kusimama kuzitoa, si adabu. Nilimaliza wimbo mzima na udi uliojaa noti. Sasa natembea na kikapu kidogo cha ukili, na kabla ya kuanza namuomba mwenye harusi anipe mtoto wa kukishika. Mtoto mwenye aibu hafai, akae anayependa kuonekana.

Udi wenyewe ni mgonjwa wa hali ya hewa. Uso wake ni bao jembamba, milimita mbili hivi, la mti wa nchi za baridi, na tunaukalisha kisiwani. Masika bao linakunywa unyevu, linatuna, nyuzi zinapanda juu ya shingo na vidole vinauma. Vigingi vinavimba, havigeuki. Halafu unatoka kwenye joto hilo unaingizwa kwenye ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi, hewa kavu, vigingi vinasinyaa na kuachia. Nimewahi kuwa katikati ya taksimu, ule upigaji wa kubuni papo hapo, kigingi cha Sol kikaachia, uzi ukaporomoka na mlio wa paka aliyekanyagwa. Wageni walipiga makofi. Walidhani ndivyo.

Kwa hiyo nafika saa nzima kabla, nafungua begi la udi pale pale nitakapokaa, nauacha upumue, natia sauti mara tatu. Nikiweza naomba kukaa nje barazani. Vigingi vinavyoteleza navipaka chaki na sabuni kavu, chaki ya kushika, sabuni ya kulainisha, na kipimo chake unakijua kwa kukosea. Nyuzi za besi zina waya uliozungushwa, na hewa ya chumvi inazila, hivyo kila nikimaliza nazipangusa kwa kipande cha kanga kuukuu. Nyuzi mpya naagizia jamaa anayekuja kutoka Maskati. Seti mbili kila mara, maana akisahau safari moja nisilie.

Habari za njiani sasa. Boti ya Pemba wakati wa kusi, mkishaipita Nungwi, si ya kucheza nayo. Nakaa chini, katikati, udi miguuni nimeubana kwa magoti. Juu kwenye rafu hapana, mabegi ya watu yanaruka. Ndege ndogo nimepanda mara moja: mzigo kilo 15, begi gumu hawalipendi, nikaupakata. Kwenye gari za shamba makonda wote wanataka kuutia kwenye keria juu. Jua la saa saba likiupiga, gundi inalainika, na udi uliogundishwa unaweza kuachia. Nalipa viti viwili. Konda wa Chake aliwahi kuniuliza kama mgeni wangu wa kiti cha pili naye atateremka Wete.

Kulala, kwa mwanamke anayetembea peke yake, mara nyingi ni nyumbani kwa wenye shughuli. Unakula vizuri, mkate wa kumimina haukauki, na hakuna wa kukutilia shaka. Lakini mapumziko hakuna. Kila jirani anakuja kumuona mpiga udi, shikamoo na marahaba mpaka koo likauke, na jioni una kazi ya kuimba. Ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mie ya tatu nilipewa watoto sita niwafundishe. Siku hizi nasema mapema, kwa adabu, kwamba baada ya adhuhuri nitalala.

Pesa: nusu kwa simu kabla sijapanda boti, na nauli yao. Nilikuwa naona aibu kudai mpaka harusi moja ikaahirishwa na mimi nimeshafika Mkoani. Hoteli zina mtindo wao, wanataka ankara na unasubiri mwisho wa mwezi, wakati mwengine mwezi wenyewe hausemwi ni upi. Kadi ya usajili wa msanii natembea nayo. Huku kwetu baraza la sanaa ni BASSFU, ukivuka bara ni BASATA, usingoje kuulizwa ukiwa mlangoni.

Halafu kuna miezi mitupu. Masika hoteli nyingi za pwani hupungukiwa na wageni na nyengine hufunga. Ramadhani hakuna harusi wala ngoma. Miaka ya kikundi sikuwa nahisi, kwani klabuni kuna kazi ya kufanya hata bila shughuli: kunakili nota, kuwafundisha vijana, kunywa kahawa. Peke yako, mwezi mzima simu hailii, na unaanza kudhani wamekusahau.

Ramadhani hii imenikuta na deni la nyuzi, na juzi kikundi changu cha zamani wamenipigia. Idi pili wana onyesho na mpiga udi wao anasafiri. Nimekubali. Tangu jana baada ya tarawehe nimekaa na Rasti, nakirudisha kidole mahala pa akodiani.