Chipu ya Redio Haijafa, Fundi

Hapa Ngamiani, Tanga, vibodi vya CC1101, chipu ya kutuma na kupokea data kwa redio, hufika mezani kwangu kila vijana wanapoanza mradi wa kupima maji ya tangi la juu. Vinakuja na hukumu tayari: "Shikamoo fundi, chipu imeungua." Mara nyingi chipu ni nzima.

Dhana: "Wimbi tupu linaonekana, nikipakia data linazama. Nguvu imekwisha."

Hii ndiyo inayoongoza. Kijana mmoja wa Chumbageni alinionyesha kwenye laptopu yake, kwa kile kipokezi kidogo cha kuchomeka USB. Akirusha wimbi tupu kwenye megahezi 433.92, unasimama mstari mmoja mwembamba, mrefu kama mnazi. Akiwasha modulesheni, yaani kulipakia wimbi data, mnazi haupo, kimebaki kichuguu.

Tukakaa tukapiga hesabu. Alikuwa anatuma FSK (masafa yanasogea kidogo kufuata biti) kwa kilobiti 38.4 kwa sekunde, mchepuko wa masafa kilohezi 20. Upana unaokaliwa ni mara mbili ya mchepuko ukijumlisha na nusu ya kasi: 2 × (20 + 19.2), yaani kilohezi 78 hivi. Programu yake ilikuwa inachukua sampuli milioni 2.4 kwa sekunde na kuzigawa katika vijisehemu 2,048, kila kimoja kikiona kilohezi 1.2 tu. Nguvu ikitawanyika sawasawa humo, kila kijisehemu kinaambulia kama 1/67, ambayo ni desibeli 18 chini ya ule mnazi. Mwaga kibaba cha mchele kwenye mkeka: kimo kitashuka, mchele ni uleule.

Hakuamini mpaka tuliposhusha vijisehemu hadi 512. Kichuguu kikapanda kama desibeli 6, na chipu hatukuigusa. Wimbi tupu, kwa mpangilio huohuo, lilibaki na kimo chake. Kama nguvu ingekuwa imepotea kweli, kubadilisha mpangilio wa skrini kusingeirudisha.

Dhana: "Sioni kitu kwenye skrini, kwa hiyo haitumi."

Pakiti ya baiti 20 kwa kasi ile inapita kwa takriban milisekunde 4. Ukituma moja kila dakika, ukafumba jicho, imepita. Usiwinde pakiti moja moja. Ukiandika 0x22 kwenye rejista (kijisanduku cha mipangilio ndani ya chipu) iitwayo PKTCTRL0, CC1101 inatuma data ya nasibu mfululizo, nawe unaangalia umbo la mawimbi kwa raha zako. Ukimaliza irudishe ilivyokuwa. Wapo waliosahau na kuwasumbua majirani usiku kucha. Kwa jaribio refu mimi natoa antena na kuweka mzigo wa omu 50, kipingamizi kinachomeza nguvu badala ya kuirusha.

Dhana: "OOK ni kuwasha na kuzima tu, haina cha kukosea."

Ina, tena hapa ndipo nimepoteza siku nyingi kuliko penginepo. Katika OOK chipu husoma nguvu kutoka jedwali linaloitwa PATABLE. Nafasi ya 0 ni ya biti 0, na inatakiwa iwe 0x00, yaani kimya. Nguvu ya biti 1 inachukuliwa kwenye nafasi iliyotajwa na rejista FREND0, kwa kawaida nafasi ya 1. Ukiacha FREND0 ielekeze nafasi ya 0, biti zote mbili zinapata nguvu ileile, na unachokiona ni wimbi lisilokatika, au kimya kitupu kama nafasi hiyo ina 0x00. Wengine wanabadilisha antena wiki nzima kwa kosa la tarakimu moja.

Kuna mtego mwingine. Chipu ikiingia usingizini, PATABLE inasahaulika yote isipokuwa nafasi ya 0. Ndiyo maana kifaa cha betri hutuma vizuri kikiwashwa, kikalala, kikiamka ni bubu. Kila kinapoamka, andika jedwali upya kabla ya kutuma.

Dhana: "Oskiloskopu yangu ya megahezi 100 imeshathibitisha hakuna kitu."

Megahezi 433 imeipita mbali. Itumie kwenye pini za data, huko itakusaidia.

Dhana: "Chumvi ya bahari inakula mawimbi."

Nimeambiwa hivi na mtu mzima kabisa, wa Raskazone. Upepo wa bahari haufuti modulesheni. Unachofanya ni kushika kiunganishi cha antena kwa kutu, na kiunganishi kibovu kinashusha wimbi tupu na lenye data kwa pamoja. Kikishuka kimoja tu, achana na bahari.

Dhana: "Arduino Uno ni volti 5, chipu itavumilia."

Hii ndiyo inayoua kweli. CC1101 ni ya volti 1.8 hadi 3.6, na pini zake za data hazitaki volti 5. Weka kibadilisha volti katikati. Na kabla ya kuniambia imeungua, soma rejista ya VERSION, anwani 0x31. Chipu nyingi zinazopita mezani kwangu zinajibu 0x14. Ukipata 0x00 au 0xFF kila ukisoma, angalia kwanza nyaya zako, halafu ndiyo uje.