Je, wajua kwa nini wengine hupasuliwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, wengine wakalazwa?

Wagonjwa wawili wanapasuliwa ngiri asubuhi moja. Wa kwanza anaruhusiwa jioni. Wa pili aliambiwa mapema kwamba atalala wodini. Wengi hudhani huyo wa pili ndiye anayeumwa zaidi, lakini si lazima. Swali kubwa la daktari wa usingizi, yule anayetoa nusukaputi (dawa ya kulaza mgonjwa wakati wa upasuaji) na ganzi, ni hili: usiku wa kwanza unaweza kuleta nini, na nyumbani yupo wa kuliona na kuliwahi?

Kwa hiyo jina la ugonjwa halitoshi. Mwenye kisukari au presha iliyotulia kwa dawa mara nyingi hupasuliwa na kwenda zake. Aliyepata shambulio la moyo wiki chache zilizopita, au ambaye pumu yake imechachamaa, hana budi kusubiri au kulazwa.

Kinachowashangaza wengi ni kukoroma. Kuna watu ambao njia yao ya hewa huziba usingizini, pumzi ikakatika kwa sekunde kadhaa, nao hawajui. Nusukaputi na dawa za maumivu za jamii ya morfini hulegeza misuli ya koo na kuupumbaza ubongo usishtuke hewa inapopungua. Ndiyo maana huulizwa maswali 8 yaitwayo STOP-Bang: kukoroma kwa nguvu, uchovu wa mchana, kuonekana ukikata pumzi usingizini, presha, unene, umri uliozidi miaka 50, unene wa shingo na jinsia ya kiume. Kila jibu la ndiyo ni alama 1; ukifikisha alama 5, hatari ni kubwa. Hata hivyo, ganzi ya sehemu moja tu ya mwili na dawa nyepesi za maumivu zikitosha, huenda bado ukaruhusiwa. Mtoto njiti mwenye umri wa wiki chache, kwa upande wake, huweza kusahau kupumua baada ya nusukaputi, hivyo huangaliwa usiku kucha.

Mara nyingi kinachomzuia mgonjwa aliyetarajiwa kutoka ni maumivu, damu, kushindwa kukojoa au kutapika. Kutapika kunakadirika: mwanamke, asiyevuta sigara, anayechafukwa na safari na atakayehitaji morfini ana uwezekano wa karibu asilimia 80.

Halafu kuna hali ya nyumbani, ambayo wagonjwa huificha kwa haya. Semeni ukweli! Kijana mwenye afya tele anayeishi peke yake anaweza kulazwa, kwa kuwa lazima mtu mzima awe naye kwa saa 24.