Mafuta ya mwamba wa tope: kwa nini Bakken hutoa kwa wingi

Wengi hudhani kwamba kisima huchorongwa ndani ya mwamba mweusi uliozalisha mafuta. Huko Bakken, miamba yenye mafuta iliyo chini ya North Dakota na Montana nchini Marekani, sivyo. Bakken ina matabaka matatu yaliyotuama baharini takriban miaka milioni 360 iliyopita. La juu na la chini ni tope jeusi lililogeuka mwamba. Kaboni yake itokanayo na mabaki ya viumbe ni kama asilimia 10 kwa uzito, ilhali hata asilimia 2 huwavutia wanajiolojia. Katikati kuna mwamba wa chembe laini za mchanga zilizoshikana na dolomaiti, madini yanayofanana na chokaa. Kisima huwekwa humo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 visima vya mlalo vilipitishwa kwenye tope la juu. Mavuno hayakutabirika, kwani yalitegemea kukutana na nyufa za asili. Mwaka 2000, eneo la mafuta la Elm Coulee huko Montana ulionyesha kwamba tabaka la kati ndilo la kulenga. Ili mafuta yatoke, mwamba hupasuliwa kwa maji na mchanga vinavyosukumwa kwa nguvu. Mwamba wenye udongo mwingi wa mfinyanzi hunyumbuka, na ufa uliopasuliwa hujifunga ukazimeza punje za mchanga zilizotiwa kuuzuia usijifunge. Dolomaiti na kwatsi, madini magumu ya mchanga, huvunjika, na ufa hubaki wazi.

Kuna pia mgandamizo, ambao mara nyingi husahauliwa. Mabaki yalipogeuka mafuta kwa joto la ardhini yalihitaji nafasi zaidi, na miamba ya kandokando haikuyaachia njia. Nguvu hiyo iliyobanwa ndiyo inayosukuma mafuta kisimani. Isipokuwapo, mwamba uliojaa mafuta huweza kutoa kisima dhaifu.

Kisima hushuka wima karibu kilomita 3, hupinda, kisha hulala kwa takriban kilomita 3 nyingine ndani ya tabaka ambalo sehemu nyingi halizidi mita 20 kwa unene. Kinachowaongoza wachorongaji ni miale ya gama, aina ya mnururisho: tope jeusi lina urani nyingi inayoitoa, hivyo kipimo kikipanda ghafla, keekee imeanza kutoka nje ya tabaka. Upasuaji wa mwamba huanzia ncha ya mbali kurudi nyuma, kipande kwa kipande, mara nyingi 30 au zaidi: kizibo cha kutenga kipande, matundu kwenye bomba, kisha maji na mchanga kwa msukumo mkubwa.

Kufungua vali ya kisima kwa pupa hung'oa mchanga kwenye nyufa. Kupasua kisima kipya jirani na cha zamani kilichopungua mgandamizo huvuta nyufa upande huo, na vyote viwili huweza kuathirika. Maji ya Bakken nayo yana chumvi mara kadhaa kuliko ya bahari. Yakipoa yakipanda, chumvi huganda na kuziba bomba, hivyo visima vingi huhitaji kutiwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara.

Hata kisima kilichojengwa vizuri, uzalishaji wake hushuka zaidi ya nusu ndani ya mwaka wa kwanza. Mafuta yaliyo karibu na nyufa hutoka upesi. Yaliyo ndani zaidi hupenya polepole mno kuziba pengo hilo, na sehemu kubwa hubaki mwambani.